Mkono wa Gramafoni na Bangili ya Mama

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu alipaka siagi ya ng'ombe kwenye bawaba za mlango wa darasa, kwa kuwa mafuta ya mashine yalikuwa yamekwisha na mlango ulikuwa ukilia kila mwanafunzi alipoingia. Mlango ulinyamaza, lakini mimi sikuweza kuendelea na somo. Harufu ile ya siagi iliyoanza kuchacha, ikichanganyika na harufu ya chuma, ilinikuta nimeshika chaki mbele ya wasichana arobaini, na sikujua tena nilikuwa nimefika wapi katika sentensi. Niliwaambia wafungue madaftari na kuandika lolote. Kisha nilitoka, nikaegemea ukuta wa nje mpaka kengele ilipolia.

Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu tuliokuwa watoto pamoja katika vilima vya Masisi, wakati Wazungu walipokuwa wakipigana kwao na sisi huku tukidaiwa kila kitu: mpira, pareto, vyakula, na wanaume. Wachache kati yetu tulifundishwa kusoma, tukapewa vyeti, na leo tunasimama mbele ya watoto wa wengine tukiwahimiza waseme kweli daima. Mimi pia ninawahimiza hivyo, na ninaamini. Lakini kuna kweli moja niliyoisema nilipokuwa na umri wa miaka minane, na nyingine niliyoinyamazia kwa miaka kumi na miwili, na hadi leo sijui ni ipi iliyoumiza zaidi.

Baba yangu, Bitasimwa, alikuwa mhunzi wa kijiji chetu cha Karuba. Kiwanda chake kilikuwa paa la nyasi juu ya nguzo sita, chini kidogo ya nyumba yetu, na chini ya paa hilo palikuwa na fuawe, yaani jiwe la kufulia chuma, mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto, na rundo la makaa ambalo halikuzimika hata msimu wa mvua. Watu walitoka Ngungu kwa miguu, wakipanda na kushuka, ili wanunue jembe lake, ingawa njiani walipita wahunzi wengine wawili. Walisema jembe la Bitasimwa halichezi kwenye mpini. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake. Kitu kilicholegea kilimuudhi kama uongo unavyomuudhi padri. Kwa desturi yetu mwanamke hakaribii mivukuto, lakini mimi nilikuwa bado mtoto, tena mtoto pekee aliyebaki hai kati ya wanne, kwa hiyo aliniacha niketi karibu naye, na bibi yangu mzaa baba alilalamika bila kusikilizwa.

Hofu ya wakati ule ilikuwa na jina moja: listi. Chini kabisa, katika msitu wa Walikale, kulikuwa na machimbo, na kila kilima kilitakiwa kutoa wanaume wa kuchimba. Waliorudi walirudi wamekonda, wakikohoa kifua cha wazee. Wengine hawakurudi. Majina yaliandikwa na karani mmoja kijana aliyeitwa Leonardi, ambaye kazi yake hasa ilikuwa katika ofisi ya shamba la pareto la Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Kiko, kwa sababu kiko chake hakikutoka mdomoni hata alipokuwa akitukana.

Siku moja, mvua ikinyesha, Karani Leonardi aliingia kiwandani akiwa amekumbatia sanduku jeusi ndani ya koti lake, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Papa Bitasimwa, mimi ni mufu," alisema.

"Mufu hatembei na miguu yake," baba akamjibu bila kuinua macho. "Ikala chini. Unamwangisha maji mu makaa yangu."

Karani alilifungua sanduku. Lilikuwa gramafoni ya Bwana Kiko. Sahani ya kuzungushia ilikuwa nzima, mpini wa pembeni ulikuwa mzima, lakini ule mkono unaobeba sindano juu ya santuri ulikuwa umevunjika kwenye shingo, na kichwa chake cha duara kilining'inia kama kichwa cha kuku aliyechinjwa.

"Bwana ameenda Kisenyi. Atarudi siku ya posho. Nilicheza diski moja tu, Papa. Moja tu!"

"Ulicheza diski, ao ulicheza wewe na makalio yako?"

Karani hakucheka. "Akiona hii, nitapigwa fimbo mbele ya bantu bote, mwanamuke wangu anaangalia. Kisha atanifukuza. Nisaidie."

"Mimi ninafua majembe. Hii sijui hata inaitwa namna gani."

"Njo maana nimekuja kwako, kwa sababu hakuna mwingine." Aliisogelea fuawe na kushusha sauti. "Listi ya mwezi huu ingali kwangu. Ukitengeneza, jina yako haitaingia. Naapa kwa Mungu. Lakini muntu asijue. Si Bwana, si shefu, si padri. Bwana akijua tu kama ilivunjika, mimi nimekwisha."

Baba aliweka nyundo chini. Kisha alinigeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Nataka wenzangu muelewe vizuri jinsi mkono huo ulivyokuwa, kwa sababu kila kilichofuata kilitokana na umbo lake. Ulikuwa mrija wa madini meupe, mtupu ndani, uliopinda kama shingo ya bata. Sauti ilizaliwa kwenye sindano, ikapita ndani ya mrija huo, ikatokea sandukuni. Ufa mdogo tu ungeivujisha sauti yote. Baba alikwangua chembe ya madini hayo, akaiweka kwenye kaa la moto. Chembe iliyeyuka mara moja, kama mafuta.

"Hii haiko chuma," alisema. "Hii ni uongo wa chuma. Moto hauwezi kuigusa."

Kwa hiyo shingo isingeweza kuunganishwa kwa moto. Ilihitaji kuvikwa pete ya shaba nyembamba kama jani, ikazwe baridi, bila kupashwa. Na shaba haikuwapo. Vita vilikuwa vimemeza shaba yote ya nchi. Katika nyumba yetu kulikuwa na kipande kimoja tu, na kilikuwa kwenye mkono wa mama yangu.

Ilikuwa bangili ya arusi. Upande wa kwao mama, bangili hiyo huvishwa bibi arusi na ndugu wa mume, na haivuliwi kuoga, kulima wala kuzaa. Huvuliwa siku moja tu, siku mwanamke anaporudi kutoka kumzika mume wake. Ndiyo maana bibi yangu, aliposikia baba akiiomba, alikuja mbio kwa fimbo yake hadi mlangoni.

"Bangili inavuliwa na mujane! Unataka mwanamuke wako akuzike ukiwa na macho wazi?"

"Mama, ni shaba tu," baba alisema, ingawa hakumtazama.

"Ni shaba tu! Na msalaba ni mbao tu! Kaulize padri wako."

Mama yangu hakuwa mwenye maneno mengi. Alikuwa ameketi akimenya viazi. Alichukua siagi kwenye kibuyu, akapaka kifundo cha mkono, akaanza kuisokota ile bangili taratibu. Ilikwama kwenye mfupa wa kidole gumba, ngozi ikachubuka, damu ikachanganyika na siagi, naye hakusimama. Ilipotoka, mkononi mwake ulibaki mfuo mweupe, laini kama ngozi ya mtoto mchanga.

"Mume wangu akienda Walikale," alimwambia mama mkwe wake, "bangili itanisaidia nini?"

Bibi alitema mate chini, akaondoka. "Basi umejifanya mujane mwenyewe," alisema akiwa nje, kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Na mimi niliisikia. Katika akili yangu ya utoto niliamini kwamba uhai wa baba ulikuwa umefungwa ndani ya bangili ile, na kwamba sasa unakwenda kuvikwa mashine ya Mzungu, ambayo kila itakapoimba itakuwa ikiutumia.

Baba aliifua shaba siku mbili. Aliigonga kwa pigo dogo dogo ambalo sikuwahi kulisikia kwake, akiigeuza na kuipima kwa kucha. Alipoivika shingoni mwa mrija na kuikaza, ufa ulibaki upande wa ndani, mahali ambapo kidole cha mtu mzima hakifiki. Akaniita. Alichanganya nta ya nyuki na masizi, akaiviringisha kuwa uzi, akanionyesha. Nilitia kidole changu ndani ya mrija baridi, nikaisukuma nta kwenye ufa na kuilainisha, huku moyo ukinidunda kwa furaha. Nilikuwa ndani ya kazi ya baba. Hakuna furaha niliyoipata shuleni baadaye iliyofanana na hiyo.

Kisha baba alifanya kosa, na lilikuwa kosa la mtu hodari. Aliona kwamba mkono ule ulicheza pale ulipoketi juu ya sanduku, ukienda huku na huku kwa pumzi tu. Alidhani ni sehemu ya uharibifu. Akaukaza. Aliukaza kama alivyokaza majembe, mpaka ukasimama imara, akaridhika.

Karani alipokuja na santuri kuujaribu, sauti ya mwanamume ilitoka, ikaimba maneno matatu ya lugha tusiyoijua, ikayarudia, ikayarudia tena, kama kichaa. Halafu tukasikia mkwaruzo. Sindano ilikuwa imekata mstari mweupe kwenye santuri.

"Umeniua!" Karani alipiga kelele. "Umeniua, Papa, na diski yake pia!"

"Nyamaza nifikiri."

Baba aliketi chini. Alimwambia Karani ageuze sahani polepole kwa mkono, naye akainama mpaka shavu likakaribia santuri. Alitazama jinsi mifuo ile myembamba inavyozunguka kuelekea katikati. Nilimwona akielewa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia habari mbaya juu yake mwenyewe.

"Nimeifunga kama jembe," alisema. "Hii kitu inatakiwa kulegea. Inafuata njia ya mwingine, njo kazi yake."

Aliufungua ule mkono, akakisugua kiungo chake kwa tupa, akakipaka siagi iliyobaki kwenye kibuyu cha mama. Sasa mkono uliteleza juu ya santuri kama shingo ya ng'ombe anayekula majani, hatua kwa hatua, bila haraka. Wimbo uliimba mpaka mwisho. Karani alilia waziwazi, akambusu baba mikono, akalificha sanduku ndani ya koti. Ile santuri iliyokwaruzwa aliichukua pia; alisema Bwana ana nyingi, ataiweka chini kabisa ya nyingine.

Siku ya posho wafanyakazi wote wa shamba walipanga foleni mbele ya nyumba ya Bwana Kiko kupokea unga na chumvi, na sisi watoto tulikwenda kutazama, ingawa mama yangu alibaki nyumbani. Bwana Kiko alikuwa na furaha siku hiyo. Aliitoa gramafoni barazani, akaweka santuri, akauinua mkono. Nilimwona akisita. Aliinama, akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya pete ya shaba. Kisha akaupuliza mkono ule kidogo, ukateleza, akacheka.

"Leonardi! Nani tengeneza hii?"

"Iko hivyo tangu zamani, Bwana," Karani alisema. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

"Wewe nasema uongo. Mimi nanunua hii, mimi najua. Lakini hapana kasirika!" Aliwageukia watu wote, kiko mdomoni, mikono imefunguliwa. "Hii kazi muzuri sana. Fundi wa Ulaya hapana weza hivi. Nani najua huyu fundi? Mimi nataka kumpa zawadi."

Watu wazima walitazama chini. Ningependa kusema kwamba walikuwa waoga, lakini sivyo. Walikuwa na akili. Wiki ileile, katika somo la dini, tulikuwa tumefundishwa kwamba ulimi wa uongo ni chukizo mbele za Mungu, na anayenyamaza penye kweli ni ndugu wa mwongo. Mimi nililikariri somo hilo kuliko wote. Nilijitokeza mbele ya unga na chumvi, nikasema kwa sauti ya darasani:

"Ni Papa yangu, Bitasimwa. Na nta ya ndani niliweka mimi, na kidole hii."

Nikainua kidole ili wote wakione.

Nimejiuliza maisha yangu yote kama nilisema kwa ajili ya kweli au kwa ajili ya kidole. Ninapenda kweli, na ndiyo sababu nalazimika kukiri kwamba kilikuwa kidole. Bwana Kiko alinishika kichwa, akanipa vipande viwili vya sukari, akaandika kitu kwenye kijitabu. Karani hakupigwa fimbo. Alinitazama tu, na macho yake hayakuwa na hasira. Nilidhani ananishukuru.

Baada ya siku chache askari alikuja kiwandani na karatasi. Karani alikuwa nyuma yake, anahema, amepoteza kofia.

"Haiko mimi, Papa! Jina yako haiko mu listi, naapa! Angalia mwenyewe!"

Alikuwa akisema kweli. Listi haikuwa na jina la baba. Karatasi ile ilikuwa nyingine. Bwana Kiko alikuwa na rafiki kwenye machimbo ya Walikale, na huko pampu na mikokoteni ilikuwa ikivunjika bila fundi wa kuitengeneza, kwa kuwa mafundi wa Ulaya walikuwa vitani. Alikuwa amemwandikia rafiki yake kwamba amempata mtu mwenye mikono ya ajabu. Wachimbaji wa listi walikwenda kwa miezi. Fundi alitakiwa mpaka vita viishe.

Baba alifunga nyundo mbili na koleo katika ngozi ya mbuzi. Asubuhi iliyofuata aliondoka na askari kwa njia ya kuteremkia msituni. Alinishika bega, akanitazama, akaniambia nisome.

Vita viliisha, na baba hakurudi. Mtu mmoja wa Walikale, mwindaji aliyekuwa amebatizwa na ambaye alifanya kazi naye, alipanda mpaka Karuba kutuletea habari. Alikula ugali wetu kwanza, kama desturi inavyotaka, kisha akasema. Udongo ulikuwa umeporomoka juu ya pampu baba akiwa chini yake anaifungua. Walimzika hukohuko. Alisema waliimba wimbo wa kanisa, na wazee wa kwao wakafanya pia tambiko la kwao, ili asipotee njia. Mama alimshukuru. Hakuwa na cha kuvua mkononi.

Hapo ndipo mateso yake yalipoanza. Kwenye chemchemi wanawake walimpisha kama mtu mwenye ugonjwa. "Njo huyu," walisema. "Alivua bangili, mume akali mzima." Bibi hakumsemesha tena mpaka alipokufa. Hata katekista wetu, aliyekataza ushirikina kila Jumapili, alimwambia mama kwamba ingekuwa vizuri asikae benchi la mbele. Mama alianza kuteka maji kwenye kijito cha mbali, kilima cha pili, nami nilimfuata na kibuyu changu, na hatukuzungumza juu ya jambo hilo.

Kwanza niliamini kama wao. Ndiyo bangili, nilijiambia, na nilimchukia mama kimya kimya. Imani hiyo ilinifaa. Lakini nilipokwenda kusoma kwa masista, siku moja, katikati ya hesabu, nilielewa jambo zima kwa mfululizo, kama mtu anayesoma sentensi mpaka nukta: shaba haiui. Kilichomuua baba kilianzia barazani, kwa sauti ya mtoto. Nilikuwa na umri wa kutosha kurudi nyumbani na kusimama mbele ya wanawake wa chemchemi na kusema. Sikusema. Nilipata alama za kwanza katika somo la maadili miaka mitatu mfululizo, mama yangu akiteka maji kilima cha pili.

Nilimwambia mwaka nilipopata cheti cha ualimu. Nilimkuta uani, anachambua maharage kwenye ungo. Nilipiga magoti kwenye vumbi na kusema yote: Bwana Kiko, sukari, kidole. Hakuinua kichwa.

"Nilijua," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ulijua tangu wakati gani, Mama?"

"Tangu Papa yako hajaondoka. Karani alimwambia Papa yako, na Papa yako akaniambia mimi. Akasema, mutoto ni mutoto, nimemusamehe, usimuambie hata siku moja."

"Na bantu wa chemchemi? Mbona uliwaacha?"

"Bantu walitafuta muntu wa kubeba. Wangejua ile karatasi ya askari ilitoka mu maneno yako, wangekuita mulozi. Mutoto wa kuitwa mulozi haishi."

Nililia. Hakuninyamazisha. Alitoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa.

"Na wewe, Mama," nikamwuliza, "wewe ulinisamehe?"

Alifikiri kwa uaminifu. Sijawahi kumwona mtu akifikiri kwa uaminifu namna ile, si kwa masista, si kanisani.

"Papa yako alisamehe, akaenda. Mimi nilibaki na wewe mu nyumba. Kila siku ninajaribu. Siku ingine ninaweza. Siku ingine hapana."

"Na leo?"

"Leo hapana, mwana wangu."

Kisha akausogeza ungo ukae katikati yetu, nami nikaketi upande wa pili, tukachambua maharage mpaka yakaisha.